Mstari wa Vitundu

Kwa nini mtu atengeneze kitabu ambacho sharti kichanwe?

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipouliza swali hilo kwa mara ya kwanza. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, kwa hiyo alikuwa na jibu la kila kitu kuanzia Adamu hadi ugonjwa wa ndigana wa ng'ombe. Alisema Wazungu wana sababu zao. Mke wa mmisionari, kwa Kiswahili chake cha kuwaamrisha wapishi, alisema, "Hii ni desturi." Mama alisema nimenye viazi. Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu, ambako nilifundishwa kuuliza maswali yale yale kwa maneno marefu zaidi, lakini hilo la kitabu sikumsikia mtu yeyote akilijadili.

Tulikaa Itiryo, juu vilimani, mahali ambapo ukipotelewa na mbuzi asubuhi unaweza kumkuta Kenya mchana. Mwaka ule nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Miguu ndiyo iliyoleta matatizo. Nilimkimbiza ndama aliyeingia kwenye mtama wetu. Ndama akaruka ukuta wa mawe, mimi nikajaribu kufanya vile vile. Ndama hakuumia. Mganga wa mifupa alikuja akaninyoosha mguu, akaufunga kwa banzi na kamba za magome, akaniambia nikae. Mfupa ulipoanza kuunga, baba alitangaza kanisani kwamba ni maombi. Mganga alikuwa amekaa benchi la nyuma na hakubisha, maana alikuwa ameshapewa jogoo wake.

Kukaa kulikuwa na hatari yake. Mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani wa kwenda shule ya kati, nami nisingeufanya. Msichana wa kwetu aliyekosa mtihani huo hakupewa mwaka mwingine wa kujaribu. Baba mkubwa angefika siku moja, angekaa kivulini na kuanza mazungumzo ya ng'ombe wa mahari, na mazungumzo ya ng'ombe hayasubiri shule.

Hapo ndipo mke wa mmisionari alipojitokeza na kitabu.

Alikuwa amewafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani, barazani kwake, mpaka walipokua wakapelekwa shule ya bweni Kenya. Vitabu vyao vilikuwa vinatoka ofisi moja Nairobi kwa posta. Mtoto anajibu maswali ndani ya kitabu chenyewe, karatasi inanyofolewa, inatiwa kwenye bahasha, inarudi Nairobi, na huko kuna mtu wa kuisahihisha. Kitabu kimoja cha hesabu kilikuwa kimebaki bila kuguswa. Kilikuwa na karatasi kumi na mbili za maswali na moja tupu mwishoni, na kila karatasi, karibu na mgongo wa kitabu, ilikuwa na mstari wa vitundu vidogo vidogo kutoka juu hadi chini, kana kwamba mchwa mwenye nidhamu kali alikuwa amepita hapo.

"Wewe fanya hii yote," aliniambia. "Mimi nitapeleka Nairobi. Kama wao nasema vizuri, mama mkuu wa shule ya wasichana nachukua wewe mwezi wa kwanza. Nafasi ni moja tu." Akainua kidole. "Moja."

Tuliamini kile kidole kama tulivyoamini Utatu, bila kuomba maelezo.

Upande wa ndani wa jalada kulikuwa na maelekezo ya Kiingereza na michoro mitatu. Michoro ilionyesha mikono miwili isiyo na mwili, yenye vifungo kwenye pindo za mikono ya shati. Mchoro wa kwanza, mikono inakunja karatasi. Wa pili, inaikunja upande wa pili. Wa tatu, inaivuta taratibu ikiwa imewekewa rula. Chini yake kulikuwa na mstari wa herufi nene, ambao baba aliutafsiri kwa sauti ya kusomea Mambo ya Walawi: "Karatasi zilizochanika zitarudishwa bila kusahihishwa."

Aliusoma mara tatu. Jumapili iliyofuata aliuhubiri. Alisema roho ya mwamini lazima inyofoke duniani bila kuacha kipande, kwa maana imeandikwa kuwa iliyochanika itarudishwa. Kanisa zima likaitikia Amina. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amekiona hicho kitabu, na hakuna aliyeuliza imeandikwa wapi.

Karatasi ya kwanza niliimaliza kwa siku mbili. Ilipofika wakati wa kuitoa, baba alisema kazi hiyo si ya mtoto. Alinawa mikono. Aliomba. Akaishika ile karatasi kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta kama anavyovuta ngozi ya mbuzi aliyechinjwa, yaani kwa nguvu na kwa imani. Vitundu viliiongoza mpaka katikati, halafu karatasi ikaamua kufuata njia yake yenyewe, ikakata swali la nne, ikapita juu ya jibu la sita, ikatokea pembeni. Mkononi mwa baba mlikuwa na hesabu tano na nusu.

Alizitazama. "Karatasi hii ilikuwa mbovu," akasema.

Mke wa mmisionari alipokuja na gari lake alitazama vile vipande kama mtu aliyeonyeshwa maiti ya ndege. Akachukua gazeti kuukuu akatufundisha. "Hapana vuta! Kunja. Piga na ukucha. Kunja ingine. Piga tena. Sasa weka rula, halafu pole, pole, pole." Gazeti lake halikuwa na vitundu na lilichanika vizuri sana. Alikubali nikopi karatasi ya kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Moja watasamehe, alisema, mbili, hapana. Sikujua amelijuaje hilo. Nilimwuliza. Alisema mtoto anayeuliza sana hamalizi kazi.

Basi nikaamua kwamba zile kumi na moja zilizobaki hazitaguswa na mtu mpaka nizimalize zote zikiwa ndani ya kitabu. Baba aliuita uamuzi huo wa busara na baada ya wiki akausimulia kama wake.

Nilifanya hesabu hizo kuanzia mavuno ya ulezi hadi mvua za vuli, mguu wangu ukiwa juu ya kigoda. Namba zenyewe hazikunisumbua. Namba hazina kabila. Walionisumbua ni watu waliokuwemo ndani yake. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anapaka rangi kuta za nyumba ambazo zilikuwa na rangi tayari. Kulikuwa na magarimoshi mawili yaliyotoka miji miwili yakielekeana, na sikuona anayejali kama yangegongana. Walichotaka kujua ni saa ngapi. Mke wa mmisionari alikuwa ameandika kwa penseli, juu ya kila swali, maana yake ya Kiswahili, na hapo ndipo nilipokutana na lile la karatasi ya nane: sufuria kubwa ya kuogea yenye mabomba mawili ya kuingiza maji na tundu moja la kutoa. Mabomba yote yamefunguliwa, tundu halijazibwa. Itajaa baada ya dakika ngapi?

Kwanza nilipata shida ya kuwaona watoto wa Kizungu wamekaa ndani ya sufuria. Nilipoizoea hali hiyo, nikapiga hesabu, nikapata jibu. Lakini dhamiri yangu haikutulia. Chini ya jibu nikaandika kwamba mtu mwenye akili angeziba tundu kwanza.

Siku ya Jumamosi moja nilimaliza swali la mwisho la karatasi ya mwisho. Mke wa mmisionari angepita Jumatano akielekea posta ya Tarime. Jumapili baba alinipakia kwenye baiskeli, mguu wa banzi ukichomoza mbele kama bunduki, tukaenda kanisani sote, na kitabu kikabaki nyumbani, kwa sababu baba alisema siku ya Bwana haibebewi hesabu.

Aliyebaki nacho nyumbani ni bibi, mama yake baba.

Bibi hakuwa Mkristo na hakuwa na haraka ya kuwa. Kazi yake, iliyojulikana toka kwetu hadi ng'ambo ya mpaka, ilikuwa kushona vibuyu. Kibuyu cha maziwa kikipata ufa hakitupwi. Unapasha moto chuma chembamba, unatoboa vitundu kufuata ufa, unapitisha uzi wa ukano wa ng'ombe, unakaza, unaziba kwa nta. Kibuyu kilichoshonwa na bibi kilidumu kuliko kizima. Watu walivileta kutoka Nyamongo, wamevifunga kwa majani ya migomba kama wagonjwa.

Tuliporudi, kitabu hakikuwa mezani. Kilikuwa kinaning'inia ukutani, kwenye kigingi, katikati ya vibuyu viwili vya mtindi. Mstari wa vitundu ulikuwa umeshonwa kutoka juu hadi chini, karatasi zote kwa pamoja, mshono mmoja baada ya mwingine, sawa sawa, umekazwa hata kitabu hakikuweza tena kulala wazi. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wote niliowahi kuuona.

"Mke mwenzangu," bibi akaniita. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. Kwetu bibi na mjukuu wake wa kike hutaniana kama wake wa mume mmoja. Alikuwa akisema Kikurya, hakuwa na lugha nyingine na hakuona nani angeihitaji. "Njoo utazame. Kitabu chako kilikuwa na ufa kila jani. Aliyekitoboa alifika mpaka mwisho, halafu akachoka kabla ya kushona. Wazungu hawamalizi kazi. Ningekipaka nta lakini imekwisha."

Baba akaingia, Biblia kwapani. Akaona. Mdomo wake ulifunguka kama wa mtu anayetaka kutoa pepo.

"Mama," alisema.

"Nini, mura?" Mura ni kijana. Baba alikuwa na mvi.

"Mama, hiki kitabu..."

"Ndiyo. Hiki kitabu."

Nilimtazama baba yangu. Mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya wazee wa mila akawaambia kwamba mizimu ni bure. Alikuwa amemwambia bwana shauri wa serikali usoni kuwa atahukumiwa.

"Umeshona vizuri, mama," alisema, akatoka nje.

Nilijikokota nikamfuata, naye huko nje akanigeukia mimi. "Kwa nini uliacha kitabu nyumbani?"

"Ulisema siku ya Bwana haibebewi hesabu."

"Usinijibu kwa maneno yangu." Alizunguka zizi mara moja. Kisha akanong'ona: "Tutakata nyuzi kwa wembe. Akienda shambani."

Sharti nieleze. Kazi ya mkono wa mzee, hasa ya mama aliyekuzaa, huifumui. Ukiifumua ni sawa na kumwambia hana maana tena, na mzee aliyeambiwa hana maana huweza kufumbua mdomo akasema neno, na neno hilo likakufuata wewe na watoto wako. Watu wa kwetu walikuwa wamebatizwa, walikuwa wameacha pombe, wengine hata mke wa pili. Laana ya mama hakuna aliyekuwa ameiacha.

"Na laana je?" nikauliza.

"Mkristo haogopi laana."

"Basi kata wewe, baba."

Aliutoa wembe mfukoni. Akautazama. Akaurudisha, akasema hajawaona ng'ombe tangu asubuhi.

Kwa hiyo Jumatatu kazi ikaniangukia mimi. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake, kibuyu cha jirani katikati ya magoti, chuma kikipata moto kwenye makaa. Nilijikokota nikakaa karibu naye.

"Bibi, kile kitabu hakikuwa na ufa."

"Mimi ni kipofu?"

"Vitundu viliwekwa makusudi. Ili karatasi zinyofolewe."

Alicheka mpaka akakiweka kibuyu chini. "Zinyofolewe! Mtu akusanye karatasi, azigandishe pamoja mgongoni, halafu azitoboe ili zitoke? Si angeziacha tu zilivyokuwa?"

Nilikuwa nimelibeba swali lile kwa miezi minne nikidhani ni langu peke yangu, kumbe mtu ambaye hakuwahi kushika penseli alikuwa amelifikia kwa pumzi moja.

"Sijui, bibi."

"Umeuliza?"

"Nimeuliza. Baba anasema Wazungu wana sababu zao."

"Baba yako angesema hivyo hata wakimvika kibuyu kichwani." Alichukua chuma, akakipuliza. "Zikishatoka, zinakwenda wapi?"

"Nairobi."

"Kufanya nini?"

"Kuna mtu atazisoma. Atasema kama nina akili."

"Huyo mtu anakujua?"

"Hapana."

"Mimi nakujua. Huna. Mwenye akili hashindani na ndama kuruka." Chuma kikaingia kwenye kibuyu, moshi mwembamba ukatoka. "Akisema unayo?"

"Nitakwenda shule. Ni mbali, siku mbili kwa basi."

"Akisema huna?"

"Au akizirudisha kwa sababu zimechanika. Nitabaki hapa. Baba mkubwa atakuja na habari za ng'ombe."

Alitoboa vitundu vingine viwili.

"Ng'ombe wa nani? Yule wa Nyamongo mwenye masikio?"

"Bibi, kila mtu ana masikio."

"Si kama yale. Ningekuwa mimi ningemkubali, mvua ikinyesha mnajificha chini yake." Alicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi. "Ukienda, nani atanishikia kibuyu nikitoboa?"

"Hata sasa sikushikii. Unasema mkono wangu unatetemeka."

"Unatetemeka." Akaufuta uso kwa nyuma ya kiganja. "Leta hicho kitabu chako kisichojua kinataka nini."

Nilidhani angekata nyuzi. Hakuwa na nia hiyo. Alifungua fundo la mwisho kwa jino, akalegeza mshono mmoja mmoja, akauchomoa uzi wote mpaka ukawa umelala pajani mwake, mrefu, unang'aa kwa mafuta ya vidole. Mikono yake haikuwa na vifungo wala pindo. Alikunja karatasi ile tupu ya mwisho kama nilivyomwonyesha kwenye mchoro, akaikunja upande wa pili, akashika ncha akaivuta. Ikatoa jino dogo pembeni.

"Anayefanya hivi hajawahi kushona," alisema.

Akafikiri. Aligeuza kitabu hivi na hivi, akakinusa. Kisha akaupitisha ule uzi wa ukano chini ya sehemu ya karatasi ile iliyokuwa bado imeshika, akaulaza kufuata mstari wa vitundu, karibu kabisa na mgongo. Akaniambia nikandamize kitabu kwa mikono yote miwili na kwa ule mguu wa banzi, ambao hatimaye ulipata kazi. Akaushika uzi kwa ncha moja, akauvuta kuelekea juu, polepole, kama anayetoa mwiba. Uzi ulipanda kutoka kitundu hadi kitundu ukikata vile viungo vidogo vilivyobaki kati yao. Sauti yake ilikuwa kama ya panzi. Chuma alichokipitisha humo Jumapili kabla ya kushona kilikuwa kimevipanua vile vitundu, hivi kwamba kati ya kimoja na kingine palibaki kama unywele tu. Karatasi ikatoka. Ukingo uliokatwa na uzi ulikuwa umenyooka, hauna jino hata moja.

Mpaka leo sijaona rula iliyofanya vizuri hivyo, na nimeona rula nyingi.

Tukaanza zile zenye maandishi, kuanzia nyuma. Ya kumi na mbili. Ya kumi na moja. Ya kumi. Kila moja ilikuwa mwaka wangu unaofuata, na ule uzi ulikuwa unapita sentimita moja tu kutoka kwenye majibu yangu. Tulipokuwa katikati ya karatasi ya tisa, kivuli kikaanguka mlangoni.

"Mama! Unafanya nini?"

Mkono wa bibi ukaruka. Uzi ukaacha mstari, ukaingia ukurasani upana wa ukucha, ukasimama kabla kidogo ya jibu la tatu.

Baba alikuwa amesimama na fimbo ya ng'ombe. Bibi alimtazama jinsi fundi anavyomtazama mtu aliyekalia kazi yake.

"Mura," alisema, "wewe una mkono wa kuchana hata usiposhika kitu."

"Nilifikiri unaharibu..."

"Ondoka kwenye mwanga."

Akaondoka kwenye mwanga. Bibi akaitazama ile karatasi ya tisa na kupendekeza aishone. Nilimwambia hapana. Alisema mshono mmoja mdogo tu, hawataona. Nilimwambia bibi, nakuomba. Akatikisa kichwa kwa ujinga wangu, akaumalizia ukingo, akaenda kwenye ya nane.

Jumatano mke wa mmisionari alihesabu karatasi kumi na moja, akapitisha kidole kwenye kingo zake, na kwa mara ya kwanza nikamwona mwanamke yule ameshangaa. "Nani nafanya hii?"

"Ni bibi," nikasema.

"Na rula?"

"Na uzi wa ng'ombe."

Alicheka kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa methali asiyoielewa. Alipofika ya tisa akaacha kucheka. Aliishika juu, jua likapita kwenye jino lile. "Oh," alisema. "Oh, hapana." Akaziweka zote kwenye bahasha, pamoja na ile niliyokopi, akaondoka, vumbi likatufunika mimi na baba.

Tulisubiri wiki sita. Baba alifunga siku mbili, halafu siku tatu, halafu akasema kufunga zaidi ni kumjaribu Mungu. Baba mkubwa alifika katika wiki ya nne. Alikaa kivulini, akanywa uji, akasema kuna mtu mwema sana Nyamongo. Bibi akamwuliza kwa sauti kubwa kutoka mlangoni kwake kama masikio ya mtu huyo bado yanakua. Baba mkubwa aliaga mapema, lakini alisema atarudi baada ya Krismasi, na tulijua atarudi.

Majibu yalikuja siku chache kabla ya hiyo Krismasi. Nilikuwa nimeshatolewa banzi na ninatembea kama bata. Karatasi zilikuwa zote kumi na mbili, zina alama nyekundu, na juu ya ile ya kwanza palikuwa na herufi ambayo mke wa mmisionari alisema inatosha. Baba alizipekua moja baada ya nyingine akitafuta neno juu ya ukingo. Hapakuwa na neno. Juu ya karatasi ya tisa, pale penye jino, hapakuwa na alama yoyote. Wekundu ulikuwa umepita pembeni yake kama mtu anayekwepa shimo analolijua. Maoni ya kalamu katika kitabu kizima yalikuwa mahali pamoja tu, karatasi ya nane, chini ya ile sufuria ya kuogea: Jibu swali uliloulizwa.

Baba alitaka kuhubiri na hilo pia. Mama akamwambia apumzike.

Mwezi wa kwanza nilipanda basi Tarime. Bibi hakuja kunisindikiza. Alisema amepata vibuyu vingi na msaidizi wake amemkimbia. Safari ilichukua siku mbili kweli. Njiani nilikuwa na hofu ya kukuta wasichana mia wenye karatasi safi kuliko zangu, na kwamba mtu angeniuliza habari ya ile ya tisa. Nililala usiku wa kwanza katika bweni refu, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Vitanda vya kulia kwangu na vya kushoto kwangu havikuwa na magodoro. Nilidhani yamepelekwa kuanikwa.

Sikuuliza. Ni mara chache maishani nimeacha kuuliza, na hiyo ni mojawapo. Nilikaa shule hiyo miaka minne nikiishikilia nafasi yangu kama mtu aliyeazimwa sahani ya kaure. Nikikosa hesabu moja nililala macho, nikiona msichana mwingine, wa mahali pengine, anayestahili kitanda changu. Nilimhurumia sana msichana yule. Nilisoma kwa ajili yake pia. Huenda ni yeye aliyenifikisha chuo kikuu.

Nilipokuwa huko, likizo moja ndefu, nilirudi pale shuleni kusaidia kupanga stoo ya ofisi, maana mama mkuu yule alikuwa amestaafu na mpya hakuweza kupata kitu chochote. Niliyakuta majalada ya zamani yamefungwa kwa kamba, moja kwa kila misheni iliyokuwa inaleta wasichana. Nikafungua la misheni yetu. Juu kabisa kulikuwa na nakala ya barua ya mama mkuu kwenda kwa mke wa mmisionari, iliyoandikwa mwezi uleule niliovunjika mguu, kabla sijakiona kile kitabu. Alikuwa anaeleza kwamba vitanda vilivyo tupu ni vingi kuliko vyenye watu na kwamba serikali inatishia kulifunga bweni, na alikuwa anaomba aletewe msichana yeyote, wa darasa lolote, bila mtihani.